Shamba ya Kukaa Peke Yangu

Yaya Kulthumu mupendwa, dada mukubwa wetu wa radio,

Unisamehe sana juu ya kukawia kuandika. Hii barua nilipashwa kukutumia tangu mvua ya kwanza, wakati uongo yangu ilikuwa ingali ndogo ya kufungia mu kitambaa, lakini kila nikikamata biki ya kuandikia mutoto mumoja analia, mwingine anakimbia na ile biki, na jirani anapiga hodi anaomba chumvi, na sasa mahindi imekomaa mu Lubumbashi yote, banaichoma ku kila kona, na miye nikisikia tu ile harufu ninafunga dirisha. Naomba musaada wako, na majina yetu uyageuze yote mbele ya kusoma ku radio, na kama unataka kucheka, ungojee kwanza ufike mwisho.

Ninaitwa Laurentine, niko mama wa batoto babili, Fils na Tracy, tunakaa ku Katuba. Bwana yangu Godefroid ni sudeur, anaunga milango ya chuma pale pale mbele ya lupango, uwanja wa nyumba yetu, na simusemi mubaya, ni mutu muzuri, hanywi, hapigi, batoto banamupenda, lakini ile mashini yake ya kukata chuma ikianza kulia asubuhi hata jogoo inasahau kazi yake. Kuume kwetu iko mashini ya kusaga unga ya Papa Floribert. Kushoto iko kanisa, na korale ya kanisa inajifunza wimbo mumoja tangu Noeli, na bafle mbili kubwa za kutoa sauti, na mpaka leo habajaujua. Ndani ya nyumba iko Princesse, dada mudogo wa Godefroid, anaongea na muchumba wake ku telefone na sauti yote inje, mpaka miye nimeshajua huyu kijana anapenda kula bukari ya namna gani, laini ama ngumu. Na usiniambie eti nitapumzika kama kura, ule umeme, imekatika, Yaya, maana kura ikikatika kila muntu anawasha jenereta yake.

Hata mu choo, Yaya. Tracy anakaa inje ku mulango, anaingiza vidole chini yake, ananiuliza: "Mama, uko unafanya nini? Na sasa? Na sasa?"

Siku moja nilijikuta ninatwanga sombe, majani ya mihogo, kwa nguvu zote ili tu nisisikie bengine, na nikaona kwamba ile kelele kubwa kupita zote mu avenue sasa ilikuwa miye.

Basi, mu mwezi wa kumi na moja, Tantine Bwalya, ndugu ya mama yangu, akahamia Kolwezi, akaniachia kiwanja yake kule Annexe. Akasema: "Laurentine, ulime pale. Bantu bakiona majani tu batasema haina mwenyewe, batajenga." Godefroid akafurahi sana, akaninunulia jembe mupya na mbegu ya mahindi, na kila mutu aliyekuja kuagiza mulango alimuambia: "Bibi yangu analima!" Princesse akakubali kubaki na batoto kila siku ya tatu ya juma, juu shamba ni kazi, na kazi banaiheshimu.

Nilienda na nia ya kulima, Yaya, nakuapia. Mule mu kiwanja, katikati kabisa, iko kichuguu kirefu kama nyumba, na miti imeota juu yake. Nikapanda ili nione nitaanzia wapi. Nikakaa kidogo nipate pumzi. Nikasikia kitu. Nikageuka, nikajiuliza, hii ni nini inalia? Kumbe ilikuwa hakuna kitu. Ndege moja, upepo kidogo, na jembe ya muntu mwingine mbali sana, kii, kii, kisha hata yeye akaacha. Nikaanza kucheka peke yangu, na hakuna muntu aliniuliza ninacheka nini, na ile ikanichekesha tena zaidi, mpaka nikalala chali nikashika mbavu. Kisha nikatoa yai ya kuchemsha mu kitambaa, nikaikula yote. Yote, Yaya! Tangu nizae sijakula yai nzima, kila yai mu nyumba yangu iko na mikono mine.

Jua ikaanguka, nikarudi. Godefroid akaniuliza: "Umelima?" Nikajibu: "Nimeanza."

Njo hivi ilianza. Kila siku ya tatu nabeba jembe ku bega, jirani banasema "Kazi njema, Mama Fils!", naenda, nakaa juu ya kichuguu yangu, naimba nyimbo ambazo najua nusu nusu, nalala, nasema na miye mwenyewe mambo ambayo hakuna muntu anangojea jibu yake. Mbele ya kurudi nachovya jembe mu udongo, napaka matope ku miguu, na kidogo hapa ku uso, juu ile ya ku uso njo inaaminisha bantu. Kisha kichuguu yenyewe ikanisaidia kusema uongo: ikaota bowa, ule uyoga mukubwa ambao mumoja tu unaweza kumufunika mutoto kama mwavuli. Nikaubeba ku kichwa, nikapita nao mu barabara, na Katuba yote ikasema shamba ya Laurentine iko na baraka.

Ile mbegu nilimupa Papa Zakari, mwenye shamba ya kando, maana ningerudi nayo nyumbani ningeulizwa. Yeye alipanda. Yaya, mahindi ya Papa Zakari ilipanda juu kupita muntu! Na miye, siku Godefroid aliniomba, "Unitumie hata foto, nami nione," nikaingia mule mu mahindi ya Papa Zakari, mukono ku kiuno, nikacheka na meno yote, nikatuma. Usinigombeze hapa, najua ni hapa niliharibu. Godefroid akaiweka mu gurupu ya familia, na mama yake, Mama Constance, kule Likasi, akajibu na vigelegele virefu mpaka telefone ikaisha moto wa batri.

Princesse yeye ananitazama tu. Juzi ananiambia: "Mama Fils, bantu banatoka ku shamba banakonda. Weye unatoka unang'aa. Na miye nitafute shamba?"

Sasa sikia. Siku ya posho inayokuja, ile ya sita ya juma, Mama Constance anafika na ndugu zake banawake. Kwao, mahindi ya kwanza banaipika mule mule mu shamba, na mama wa bwana njo anakula ya kwanza. Godefroid amepata kamio, lori kubwa ya kubeba bantu bote. Nilijaribu kumuzuia:

"Godefroid, shamba iko mbali."

"Kamio iko."

"Iko na matope."

"Mama atavaa buti."

"Iko na nyoka."

"Papa Floribert anakuja na fimbo."

Kumbe na Papa Floribert anakuja! Na korale, Yaya! Korale baliomba nafasi mu kamio, banakuja na bafle na jenereta, baimbe ule wimbo juu ya kichuguu yangu!

Niliwaza kununua mahindi ku soko niifunge na kamba ku majani. Niliwaza kusema wezi waliiba, lakini nikajiuliza, wezi baliiba na mashina yote, kisha bakafukia mashimo, bakaotesha na majani? Niliwaza kusema nyani. Muntu wa mwisho kuona nyani ku Annexe sijui kama angali muzima.

Kugombezwa siogopi sana, nimezoea. Ninachoogopa ni hii: siku bantu bote bakifika pale, pale pamekwisha. Na mu nyumba, kama nikisema "nimechoka, nataka kukaa peke yangu kidogo," bananiuliza kitu kimoja tu: "Nani amekukosea?" Hakuna mutu amenikosea! Napenda batoto yangu sana. Siku ninarudi kutoka kule, Tracy akinirukia, ninaona kama njo nimemupata leo, mupya, na hata ule wimbo wa korale ninaweza kuitikia. Pale sitapaachilia, Yaya, nakuambia mbele. Lakini niambie nitasema nini, na nitamuambia nani kwanza. Na jibu unitumie ku telefone mbele ya kuisoma, juu radio yetu haijui kusema polepole.

Miye, Laurentine wa Katuba


YAYA KULTHUMU ANAJIBU

Mdogo wangu, nilijaribu kungoja mwisho. Nilishindwa kwenye yai. Fundi wetu wa sauti, Doudou, alitoka nje kabisa.

Majina nimeyageuza, kama ulivyoomba. Lakini ule uyoga wa kichwani, mama, niugeuze uwe nini? Katuba nzima iliuona ukipita! Nitasoma barua yako hewani siku ya tano, Ijumaa, na nikifika pale kwenye uyoga jirani zako wote watageuka kuutazama mlango wako. Kwa hiyo jibu nakutumia leo, na wewe uko na kesho tu ya kusema kabla radio haijasema. Usinilaumu. Uongo uliobebwa kichwani barabarani hauwezi kufichwa na mimi.

Sasa nisikie vizuri. Kwa kupumzika hukukosea mtu. Kwa kukaa peke yako hukukosea mtu. Mimi mwenyewe nina watoto watano na baba mkwe kiziwi anayependa mpira, na siku nyingine nikimaliza kazi hapa ninabaki ndani ya studio, mlango umefungwa, taa imezimwa, nimevaa zile spika za masikioni ambazo hazilii kitu. Nyumbani wanajua niko kwenye mkutano. Basi tusidanganyane.

Lakini ile foto! Mkono kiunoni! Mahindi ya watu! Pale ulimfanya mume wako ajisifu kwa kitu ambacho hakipo, mbele ya mama yake, na mwanaume anaweza kusahau shamba, lakini vigelegele vya mama yake hawezi kuvisahau. Kwa hilo utaomba msamaha, na hutaleta maelezo mengi. Utasema "nilikosa" na utafunga mdomo.

Unauliza umwambie nani kwanza. Godefroid. Sio Princesse, ambaye kwa kusoma tu naona anajua zamani. Sio mama mkwe. Godefroid, na sio nyumbani, maana nyumbani kwenu mtu akitaka kusema siri lazima apige kelele. Kesho asubuhi mwambie azime mashini yake na mpande wote wawili mpaka Annexe. Watoto wabaki. Akifika atauliza mahindi iko wapi. Mwambie akae kwanza. Azime telefone. Wewe usiseme kitu mpaka yeye mwenyewe asikie ile "hakuna kitu" uliyoisikia. Kisha useme yote, na mbegu, na Papa Zakari, na matope ya usoni.

Mahindi ya kufunga na kamba sitaki kuyasikia tena. Na nyani pia, tafadhali.

Kitu kingine, na hapa ninakugombeza wewe na ninagombeza mji wetu wote. Wewe ulijua kwamba mwanamke akipita na jembe watu wanamwambia kazi njema, na akipita mikono mitupu wanamuuliza nani amekukosea. Ukachukua jembe. Una akili! Lakini sasa Fils na Tracy wanakua wakifikiri mama anapumzika kwa kuiba. Weka siku yako, uitaje kwa jina lake mbele ya watu wa nyumba: siku ya tatu Mama hayuko, anapumzika, atarudi jua likianguka. Wataguna. Acha wagune, wewe hutakuwa pale kuwasikia.

Na Tantine Bwalya alikupa kiwanja kwa sababu, usimsahau. Mvua ingalipo. Panda matembele pembeni, kwenye njia, yatatambaa yenyewe na yataonyesha mpita njia kwamba pale pana mwenyewe. Katikati, kichuguu kiache. Hicho usilime, na mtu asikupandie bafle juu yake.

Fanya hivyo, kisha uniandikie unachokosa. Wasikilizaji wangu wa Annexe wana mashamba na wana roho nzuri. Na yai, mdogo wangu, endelea kula zima.


LAURENTINE ANARUDISHA MAJIBU

Yaya Kulthumu,

Mara hii sikukawia. Princesse yuko na batoto, na miye ninaandika nikiwa pale pale unajua.

Nilimupeleka. Godefroid alifika, akatazama majani, akanitazama miye, akatazama tena majani. "Mahindi iko wapi?" Nikamuambia: "Ukae kwanza." Alikaa amekaza shingo kama muntu anangojea daktari. Telefone ikazimwa. Miye, Yaya, nilihesabu mashati yake yote mu akili ili nisianze kusema. Kisha akauliza polepole, sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa ananiposa: "Nini ile inalia?" Nikasema: "Upepo." Akasema: "Aa." Na bwana yangu akaegemeza kichwa ku muti, akalala. Alikoroma! Yule mutu masikio yake inakaa ndani ya chuma kila siku, na miye, mwenye kulilia kelele yake miaka yote hii, sikuwahi kumuuliza kama na yeye anachoka nayo.

Alipoamka akapangusa mate, akaniuliza: "Hapa banafungaka saa ngapi?"

Njo nikamuambia yote. Hapo alikasirika, sitakuficha. Juu ya foto. Nilisema "nilikosa", nikafunga mudomo kama ulivyosema, na hasira yake akaibeba njia yote ya kurudi. Lakini tulipofika ku lupango, alipiga telefone kwa mama yake yeye mwenyewe, na sauti yote inje, ni familia yao.

"Mama, shamba ya Laurentine haina mahindi."

"Wezi?"

"Hapana. Haikulimwa."

"Kama haina mahindi, iko na nini?"

Godefroid akawaza. "Iko na kimya, Mama."

"Kimya banaikulaka na nini?"

Kamio tukairudisha. Korale bakabaki kwao bakaimba mpaka jioni, na sijui ni furaha yangu ama ni kweli, nilisikia kama banaanza kuujua ule wimbo. Papa Floribert alirudisha fimbo yake. Lakini Mama Constance alikuja. Peke yake, amepanda basi, amevaa buti. Akasema anataka kuona na macho yake muke wa mwana wake analima nini. Alipanda kichuguu bila kunipa mukono, akakaza kitenge, akakaa. Miye nikasimama chini, kama mutoto wa masomo.

Alikaa sana. Papa Zakari akapita, akatuletea mahindi mabichi, akasema tukule, mbegu ilikuwa yetu. Nikawasha moto, nikachoma, nikampa Mama ya kwanza, kama ilivyo kwao. Aliikula yote nzima, Yaya, peke yake, polepole, hakumukatia muntu. Kisha akasema, hakunitazama: "Niko na batoto munane. Mu maisha yangu yote hakuna muntu alinionyeshaka pahali kama hapa."

Nikataka kulia. Akanikatisha: "Lakini ile foto nilimuonyesha hata padri. Utaenda kumueleza weye mwenyewe."

Nitaenda. Sasa siku ya tatu ni yangu na jina yake imetajwa mbele ya bote. Tracy aliuliza kama anaweza kuja, nikamuambia hapana, nikamubusu, nikamuambia tena hapana. Siku ya ine ni ya Godefroid. Eti na yeye analima. Princesse anasema alijua tangu ile matope ya ku uso, juu muntu anayelima kweli anajipangusa.

Ulisema niandike ninachokosa. Basi, kama basikilizaji bako na roho nzuri kweli, nakosa mashina ya matembele, ya kutosha kuzunguka kiwanja upande wa njia tu. Nakosa mupini ya jembe, maana Godefroid alivunja ile yetu siku yake ya kwanza, akipiga pigo la kwanza, na akafurahi sana. Nakosa mukeka, lakini mwembamba, wa muntu mumoja. Na chupa ndogo ya kuweka chai moto, ile ya kikombe kimoja. Vitu hivyo babiache kwa Papa Zakari, yeye atavileta mpaka ku mwisho wa shamba yake. Muntu, usinitumie hata mumoja.